Jiwe la Kuinua na Mzigo wa Moyoni

Ukimwona mtu mzima anainua jiwe, hajengi nyumba wala hachimbi msingi, kisha analirudisha pale pale, utasemaje? Huenda utasema amerukwa na akili. Mimi nasema huenda anaitunza akili yake.

Kaskazini ya Ulaya kuna nchi iitwayo Aisilandi. Huko pwani, karibu na Dritvík, wavuvi wa zamani walikuwa na mawe manne ya kupimia nguvu. Jiwe dogo lina kilo 23. La pili lina kilo 54, la tatu kilo 100, na kubwa kilo 154. Kila jiwe lina jina. Dogo huitwa Amlóði, yaani mtu asiyefaa kitu. Kubwa huitwa Fullsterkur, yaani mwenye nguvu kamili. Aliyeshindwa kuinua lile la kilo 54 hakupata nafasi chomboni. Mawe hayo yapo mpaka leo, lakini hayampi mtu kazi tena. Watu huenda kuyainua kwa hiari yao tu. Na nchi ile ina giza refu. Mwezi wa Desemba, katika mji mkuu Reykjavík, jua huonekana kwa muda wa saa nne hivi.

Je, faida yake nini? Mtu mwenye mawazo mengi hukaa ndani. Akikaa ndani, mawazo huongezeka. Usiku hapati usingizi. Sasa mtoe nje, mpe jiwe zito kifuani. Kwa muda ule hawezi kufikiria deni lake wala ugomvi wa shamba. Anafikiria jiwe tu. Akilitua, anahema, mwili umechoka vizuri, na usiku usingizi unakuja. Tena jiwe halidanganyi. Kama mwezi uliopita lilikushinda na leo umeliinua, umeona mwenyewe kwamba unaweza. Mtu mwenye huzuni anahitaji sana kuona hivyo. Madaktari wanakubali kwamba mazoezi ya mwili hupunguza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kila wiki.

Lakini mama anayesoma hapa atauliza: "Mimi nabeba ndoo ya maji na mzigo wa kuni kila siku. Mbona moyo wangu haujapona?" Swali lake ni la haki. Mzigo wa lazima si sawa na jiwe la hiari. Mama huyo simwambii ainue jiwe. Namwambia mume wake abebe ndoo.

Nawasema hasa wanaume. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwanamume hasemi huzuni yake. Anakwenda kilabuni kunywa pombe, au ananyamaza mpaka anaharibikiwa. Wanaume wawili watatu wakikutana jioni penye mawe, wataanza kwa kushindana na kucheka. Baadaye watazungumza. Ni rahisi zaidi kusema jambo zito mkiwa mnatazama jiwe kuliko mkitazamana machoni.

Ukitaka kujaribu, anza na jiwe dogo. Kwanza ligeuze kwa mti, maana nge na nyoka hupenda kukaa chini ya mawe. Kunja magoti, usiinamishe mgongo. Lisogeze jiwe karibu na kifua. Usizuie pumzi. Usijipinde huku umelibeba. Mwenye ngiri, mwenye presha, mwenye mgongo mbovu na mama mjamzito wamwulize kwanza mhudumu wa afya.

Wako wanaosema kwamba jiwe linatosha, dawa na daktari havihitajiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Kama huzuni imekukaa wiki mbili, huli, hulali, huna hamu ya kazi, nenda zahanati. Kama unafikiria kujiua, usingoje hata kesho. Mwambie mtu leo, akupeleke.