Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Msemo huo nimeusikia tangu ningali mtoto chuoni, juzuu mapajani, na katika mashairi yangu nimeutia mara nyingi. Lakini maana yake sikuifahamu barabara mpaka nilipokaa mwezi mzima Sigalagala, kusini ya mji wa Kakamega, kando ya barabara iendayo Kisumu.

Mwanangu wa kike anafanya kazi huko. Nilikwenda kumtazama, na mfukoni nina onyo la daktari: damu imepanda na sukari yanyemelea. Ndugu yangu mkubwa alianza vivyo hivyo. Alikatwa mguu, na mwaka wa pili tukamzika. Basi daktari akanambia nile kama walavyo watu wa Bahari ya Mediterania: mboga kwa wingi, dengu na maharage, samaki, matunda, nafaka isiyokobolewa, lozi, na mafuta ya zeituni, nyama iwe mara mojamoja.

Maneno hayo si porojo. Mtaalamu wa Kimarekani, Ancel Keys, alianza mwaka 1958 kuwachunguza watu wa nchi saba, akaona kwamba wanaume wa kisiwa cha Krete walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kwa uchache mno kuliko wa Marekani. Huko Hispania nako walichunguzwa watu zaidi ya 7,000. Majibu yalitolewa mwaka 2013, yakaonekana na kasoro, yakasahihishwa na kutolewa upya mwaka 2018: waliokula namna hiyo, pamoja na mafuta ya zeituni au lozi na jozi, walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi pungufu kwa kiasi cha asilimia 30. Na zeituni, sisi Waislamu hatuhitaji kuhubiriwa. Imetajwa katika Kitabu chetu kuwa mti wenye baraka.

Nikaenda Kakamega mjini nikanunua kichupa cha mafuta hayo kwa pesa ambazo zingelisha nyumba siku kadhaa. Jirani yetu, mama mtu mzima auzaye mboga, alikitazama akacheka. "Mzee," akasema, "hiyo ni chakula ama ni dawa ya kupaka?"

Kesho yake akaniita jikoni kwake. Mimi, mwanamume wa Pwani niliyezoea kuletewa sinia, nikakalishwa kigodani nichambue majani ya kunde na saga. Akanifunza kwamba saga ni chungu, haipikwi peke yake. Huchanganywa na kunde, ikachemka taratibu, kisha hutiwa simsim iliyosagwa. Mrenda nao una mapishi yake. Na siku ya kuniaga alileta jogoo pamoja na kisu, ili nichinje mwenyewe kwa Bismillahi. Huo ndio ustaarabu.

Hapo nikapima. Majani mabichi? Yapo. Kunde na maharage? Yapo. Samaki? Dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao omena, wapo. Mafuta mazuri? Punje ya simsim karibu nusu yake ni mafuta, na mengi ya hayo si ya kuganda. Ugali wa wimbi na mtama haujasahauliwa. Kumbe nilichokitafuta ng'ambo kilikuwa kikichemka jirani!

Wala si mawazo ya mshairi tu. Mwaka 2025 wataalamu wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi walitangaza uchunguzi wa vijana wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliotolewa kwenye chakula cha asili wakapewa cha kizungu kwa majuma mawili tu, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani. Waliozoea cha kizungu wakahamishiwa kwenye chakula cha asili, dalili hizo zilipungua. Na shirika la UNESCO, lililoandika chakula cha Mediterania katika turathi za walimwengu mwaka 2010, mwaka 2021 liliisifu kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vyake vya asili. Sifa tumepata, sahani zetu je?

Sisi wa Pwani tujihesabu. Tuna mchicha, tembele, kisamvu, mchunga, mbaazi na bahari iliyojaa samaki. Lakini mgeni akija, twaona haya kumwekea mchunga. Twataka biriani inayoelea samli, mahamri, na chai ambayo kijiko chasimama kwa sukari. Ramadhani, mwezi wa kujizuia, ndio tunaokula vya kukaanga kuliko yote. Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Fungu la pumzi tumelipa sambusa.

Hapana shaka yuko atakayesema nazi ni zeituni yetu. Ningependa iwe hivyo, lakini sivyo: mafuta ya nazi mengi ni ya kuganda, na tui zito la kila siku halimfai mwenye moyo mgonjwa. Tusiitupe, tuipunguze. Biriani ibaki ya arusi na Idi.

Kichupa changu kingalipo, na sikilaani. Mwenye uwezo na anunue. Lakini maskini asidhani afya yauzwa dukani kwa chupa. Mimi sasa nachambua mchicha wangu mwenyewe, na wajukuu wanicheka. Na wacheke. Laiti ndugu yangu angelichekwa hivyo, pengine leo tungekuwa naye.