Sauti za Jadi si Malighafi ya Bure

Kwa miaka mingi mkulima wa Usukuma aliuza pamba mbichi ng'ambo, kisha akanunua shati la pamba hiyo hiyo kwa bei iliyopangwa na wengine. Leo mchezo huo umerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kinachosafirishwa ni sauti. Kijana anayetengeneza muziki Mwanza hufungua kompyuta akakuta humo filimbi za kale za udongo za Mexico pamoja na ngoma na marimba za Afrika, zimekatwa vipande na kutiwa bei. Mara nyingi jina la mpigaji halipo, wala la kijiji chake.

Watetezi wa biashara hii hudai kwamba kitu cha kale hakina mwenyewe. Hiyo ni hoja ya kibeberu, na historia yake inajulikana. Mwaka 1966 ilitolewa santuri ya muziki wa Wababenzele wa Afrika ya Kati, uliorekodiwa na Simha Arom. Humo imo filimbi ya noti moja tu, ambayo mpigaji hupokezana nayo kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1973 Herbie Hancock aliuiga ufundi huo katika "Watermelon Man", mpiga ngoma wake akipuliza chupa ya bia. Mwaka 1994 Madonna akanakili kipande cha wimbo huo katika "Sanctuary", na Hancock akaandikwa miongoni mwa watunzi. Wababenzele hawamo. Aliyeiga ndiye aliyetambuliwa kuwa mwenye mali! Hancock ni Mmarekani mweusi, lakini undugu huo haukubadili hesabu.

Tanzania haina kisingizio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka idhini kwa anayetumia sanaa za jadi kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Lakini nani atadai idhini kwa sauti ambayo haikuandikwa popote? Afisa utamaduni anayeikumbuka Bugobogobo siku ya kumpokea mgeni tu hawezi kumshitaki mtu. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Makumbusho ya Bujora, Kisesa, wakatazame ngoma za watemi na kurudi, amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuwaketisha wanafunzi hao na wazee wapigaji, warekodi, waandike jina la mpigaji, la chombo na la kijiji, na nakala ibaki shuleni na wilayani. Kazi hiyo ianze muhula huu, wazee wakiwa bado hai.