Bima ya Harusi: Tununue au Tuache?



Huko Uingereza, wanakoishi ndugu zetu wengi watokao mwambao, zauzwa bima za harusi. Mwenye kulipa ada huahidiwa fidia endapo bibi au bwana harusi ataugua, au mwenye ukumbi atafilisika. Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, kampuni kadhaa zilisitisha kuuza bima hizo, na baadhi ya waliokwisha kuzinunua walikuta janga lile halimo katika mkataba.

Hapo ndipo ilipo gharar: mtu hutoa fedha zake asijue atapata nini. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ni haramu kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo, ikaelekeza kwenye bima ya ushirikiano.

Sisi twaona asili ya tatizo ni ukubwa wa sherehe. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Abdurrahman bin Awf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Apunguzaye gharama amepunguza na hofu.

Atakayeshurutishwa na mwenye ukumbi kukata bima, na awaulize kwanza wanavyuoni. Wengine tuandikiane mikataba iliyo wazi, tulipe kwa awamu, na misikiti yetu ianzishe mfuko wa kusaidiana harusi inapopatwa na msiba.

Wabillahi tawfiq.