Tope na Mipaka ya Viumbe

Ndugu wasomaji wa Kasulu na Kibondo, twasikia neno likisemwa barazani: "Samaki ni mambo ya watu wa ziwani; sisi wa vilimani tulime tupendavyo. Tena Mungu aliiwekea kila aina mpaka wake, jembe haliwezi kuuvunja." Neno hili twalikataa.

Mpaka wa aina si ukuta wa mawe. Katika Ziwa Tanganyika wako samaki wadogo wa majabalini, wa jamaa ya wale ambao watu wa Mwanza huwaita furu. Hawapendi kuvuka mchanga wala kilindi. Waliotengana hivyo, kizazi baada ya kizazi, hupata rangi na desturi zao. Na mara nyingi, hata wakikutana tena, jike humtaka dume wa rangi ya kwao. Hivyo aina moja huweza kuwa mbili. Ziwani humo jamaa hiyo ina aina zaidi ya 200, karibu zote hazipatikani penginepo duniani.

Basi mpaka huo walindwa na jicho, na jicho lataka maji maangavu. Ushahidi uko Ziwa Viktoria, katika ghuba ya Mwanza. Wako furu wawili walio karibu kwa nasaba: dume wa mmoja ni mwekundu, naye alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, dume wa pili ni wa buluu. Penye maji maangavu hawachanganyiki. Penye maji ya tope huchanganyika, na watoto wao huzaa. Ole Seehausen na wenzake, walioandika habari hizi mwaka 1997 na 1998, waliwatia majike katika mwanga usioonyesha rangi, nao wakaacha kuchagua.

Je, tope la Ziwa Tanganyika latoka wapi? Mto Luiche hushuka kutoka vilima vya upande wa Kasulu, ukaingia ziwani karibu na Ujiji. Maji ya Kibondo huufuata Malagarasi. Hatusemi kwamba samaki wa Kigoma wamekwisha kuchanganyika. Twasema kwamba mlima uliochomwa moto, ukalimwa bila matuta, hupoteza kwanza chakula chetu, kisha hupeleka giza kwa wengine.

Basi matuta yakingame mteremko, na miti ya kando ya vijito iachwe. Asemaye kwamba Mungu aliweka mipaka, asiifute kwa jembe lake.