Cheti ninacho mimi, ndege anawajua yeye

Leo nitaudhi watu wa mazingira, na wengine ni marafiki zangu. Sawa tu.

Nilipitia mafunzo ya walinzi wa mazingira wa kujitolea hapa Sabaki. Siku tano. Nne tulikaa ukumbini tukitazama picha ukutani, maelezo yote Kiingereza, chai na mandazi juu. Ya tano, tena nusu ya asubuhi, ndiyo tukashuka mlangoni mwa mto wenyewe. Halafu mtihani wa kuandika, Kiingereza tena, vyeti na picha ya pamoja.

Kwenye kundi letu alikuwamo mvuvi mmoja amenizidi umri. Huyu jamaa anajua maji yakijaa ndege wanahamia fungu gani la mchanga. Anajua kiboko anapandia wapi usiku akienda kula mahindi ya watu. Asubuhi ile ya mtoni mwalimu mwenyewe alikuwa akimfuata nyuma kama kifaranga. Karatasi ilipokuja, kaka akajibu kwa Kiswahili. Akafeli. Mimi niliyekuwa nikimuuliza "kaka, yule ni ndege gani?" nikapita.

Sasa niambieni, tulipimwa ndege ama tulipimwa Kiingereza?

Najua mtasema mgeni akija anataka kuelezwa kwa lugha anayoijua. Kweli kabisa. Anayetaka kuongoza watalii ajifunze Kiingereza, na kwa Malindi hii aongeze Kitaliano. Lakini sisi hatukuitwa kuongoza watalii. Tuliitwa kuhesabu ndege, kuangalia mikoko isikatwe ovyo na kuzungumza na majirani. Huyo jirani ambaye shamba lake limeliwa na kiboko usiku kucha, nimweleze umuhimu wa kiboko kwa Kiingereza? Jembe litanipata.

Na sisemi mafunzo ni upuzi. Kuna ndege mdogo wa kahawia anayeruka kama mbayuwayu. Anazaliana Madagaska, anakuja kwetu wakati wa kusi, na hapa Sabaki wanakusanyika kwa maelfu. Nimekulia hapa na sikulijua hilo. Mvuvi wetu pia hakulijua, kwake alikuwa ndege wa mchangani basi. Alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza maswali ambayo sisi wote hatukuwa na akili ya kuyauliza. Mtu kama huyo ndiye wa kufunzwa, nyinyi mnamchuja!

Mfano mnao hapa hapa. Kwera wa Clarke ni ndege ambaye dunia nzima yuko kaunti ya Kilifi tu, Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Miaka na miaka wataalamu hawakujua anatagia wapi. Mwaka 2013 viota vikapatikana Dakatcha, na katika waliovitafuta alikuwamo David Ngala, mtu ambaye Arabuko-Sokoke ameijua kwa kuitembea. Angeanzia kwenye karatasi ya ukumbi wetu, sijui.

Halafu hili neno "kujitolea". Kule Texas, Marekani, wana mpango wa namna hii: saa 40 za mafunzo, kisha saa 40 za kujitolea kila mwaka. Mpango mzuri. Ila wengi wanaojitolea kule ni wastaafu, pensheni inaingia. Huku unamwambia kijana asiye na kibarua aje mtoni saa kumi na mbili asubuhi, ajilipie boda, atume hesabu kwa bando lake, na darubini azimwe kwa saa mbili kisha irudishwe kabatini. Akiacha mwezi wa tatu mnasema vijana wa pwani wavivu. Jamani! Nauli na bando si mshahara, ni heshima ndogo tu.

Ninachotaka si kikubwa. Mtihani ufanyiwe mtoni, kwa mdomo, kwa Kiswahili au Kigiriama. Mtu aonyeshe ndege, aseme anakula nini na anakuja lini. Majina ya kisayansi atafundishwa baadaye, hayakimbii.

Juzi nilimpigia yule kaka, nikamwambia tunahesabu ndege wikendi hii na bila yeye tutapotea kwenye yale mafungu. Akacheka. Akaniambia, "Nendeni nyinyi wenye vyeti, mimi naingia baharini."