Mzazi Asiyejua Kuchora Anatosha

Mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani haiogopi hesabu. Akikwama kwenye sehemu au aljebra, hufungua kitabu usiku mtoto akiwa amelala, akaelewa, kesho yake akafundisha. Sayansi ni vivyo hivyo. Lakini mguse kwenye muziki au uchoraji uone anavyorudi nyuma: yeye hana kipaji hicho, nyumbani hakuna kinanda, mwalimu atatafutwa mambo yakikaa sawa. Mambo hayakai sawa. Mwaka unakwisha, mtoto amejaza vitabu vya mazoezi hadi ukurasa wa mwisho, na sanaa pekee aliyoonja ni karatasi za kupaka rangi zilizochapishwa kutoka kwenye intaneti: simba ambaye mistari yake yote imekwishachorwa na mtu mwingine.

Majibu hayo yanatokana na imani moja iliyoenea, kwamba sanaa hufundishwa na msanii peke yake, na mzazi wa kawaida akijaribu atamharibu mtoto. Inasikika kama unyenyekevu. Ni kosa, na anayelilipia ni mtoto.

Tuanze na muziki, maana hapo ndipo hofu ilipo kubwa zaidi. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa Nagoya mwaka 1898, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha fidla, lakini mpaka anakuwa kijana hakuwa amejifunza kuipiga. Karibu na umri wa miaka 17 alisikia santuri ya mpigaji fidla Mischa Elman, akachukua fidla ya kiwandani na kuanza kuiga alichokisikia. Baadaye, alipobuni njia yake ya kufundisha watoto wadogo, alisema mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mama yake: asikie sana, arudie sana, nota zije baadaye. Na hapa ndipo wazazi wetu wanapopaswa kusikiliza. Katika njia ya Suzuki fidla hupewa mzazi kwanza. Mama asiyejua chochote hujifunza wimbo mmoja mwepesi huku mtoto akitazama, mpaka mtoto mwenyewe atamani kumpokonya. Hakuna anayemtaka mama huyo awe mwanamuziki. Anatakiwa aanze, na aonekane akianza. Njia hii imeenea duniani kote, na msingi wake ni mzazi asiyejua.

Kwa wanaodhani hayo ni ya Wajapani, Dar es Salaam ina mfano wake. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja mjini kutafuta kazi, na miongoni mwa kazi alizofanya ni kutunza bustani. Kwenye mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ile inayopakwa kwenye baiskeli. Hakuwa amesomea sanaa chuoni. Picha zilipopata wanunuzi pale Morogoro Stores, Oyster Bay, akawakusanya jamaa zake wajifunze kwake, wakiwemo Simon Mpata, Ajaba Abdallah na January Linda. Walijifunza kwa kumtazama na kumsaidia. Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na bado mtindo ule haukufa: waliokaa kando yake wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika.

Mtu atasema watu hao walizaliwa na vipaji. Basi aeleze ni kwa vipi kipaji kiliangukia kundi moja la ndugu na majirani, tena ndani ya miaka michache, kikawaacha wengine wote. Kilichokuwapo ni makopo ya rangi, mtu anayefanya kazi mbele ya macho yao, na saa nyingi za kukaa pale. Nyumba yoyote inayosomesha watoto ina hizo saa kuliko shule yenye ratiba ya kengele.

Vifaa navyo si tatizo. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, aliwaachia wazazi somo la picha lisilohitaji hata penseli. Mtoto hupewa picha moja, akaitazama kimya kwa dakika chache, kisha ikafichwa naye akasimulia alichokiona. Mzazi hafafanui chochote mapema. Anayeona kwamba picha za Ulaya hazimhusu atumie kanga. Itandikwe sakafuni, mtoto atazame pindo linavyozunguka pande nne, mji ulivyokaa katikati na jina lilivyoandikwa. Kisha ikunjwe aeleze. Atakapoikunjua tena atagundua alichokosa, na kwa kawaida ni kona: ua lililokuwa likitembea kwa mstari limefika pembeni, na mchoraji amelazimika kuligeuza bila kuukata mfululizo. Kanga hii amefanyaje? Ile nyingine je? Mbona zina rangi mbili au tatu tu na bado zinavuta macho? Baada ya hapo mtoto apewe karatasi abuni kanga yake, na mzazi abuni yake, kando kwa kando. Ya mzazi ikiwa mbaya kuliko ya mtoto, somo limefaulu.

Mtaalamu ana nafasi yake, na kubwa. Mkao wa mkono kwenye fidla au udi ukikosewa mapema ni shida kuurekebisha, na mtoto aliyekwishapenda ala anastahili mwalimu wa kweli. Zanzibar, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2002. Ila mwalimu huja baada ya hamu, na hamu haitoki kwenye karatasi ya simba wa kupaka rangi. Mwimbaji Siti binti Saad alikulia Fumba katika familia ya wafinyanzi, akitembeza vyungu vya kuuza. Sauti yake ilikuwa tayari inasikika njiani kabla wanamuziki wa mjini hawajamfunza kuimba na ala, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri.

Ratiba nyingi za nyumbani huiweka sanaa Ijumaa mchana, baada ya yote, muda ambao huliwa na kila dharura. Ihamishiwe asubuhi, siku mbili au tatu kwa wiki, nusu saa inatosha. Familia ya Nairobi iende Moi Avenue, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, ambako ghorofa ya chini inahifadhi mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Mtoto achague kitu kimoja tu, akichore akiwa amesimama mbele yake, na mzazi naye awe na daftari lake mkononi.