Brazil: wanaohama dini wanapita mlangoni petu

 

Ndugu Waislamu, sensa ya Brazil ya mwaka 2022 imewafurahisha baadhi ya ndugu zetu. Nchi ambayo mwaka 1970 zaidi ya asilimia 90 ya watu wake walijiita Wakatoliki, sensa hiyo iliwakuta wamebaki asilimia 56.7. Sisi tunauliza: wanaotoka huko wanakwenda wapi? Walokole na Waprotestanti wenzao wamefikia asilimia 26.9. Asilimia 9.3 wanasema hawana dini. Hata Umbanda na Candomblé, dini zenye asili ya matambiko yaliyovuka bahari pamoja na watumwa wa Kiafrika, zimepanda kutoka asilimia 0.3 mwaka 2010 hadi asilimia 1. Waislamu waliohesabiwa mwaka huo wa 2010 walikuwa 35,167 katika taifa la watu milioni 190. Takbira hii ni ya nini?

Hatuisifu itikadi ya Walokole. Kumfanya Nabii Isa (A.S.) kuwa mungu ni shirki, na wapo wachungaji wao waliotajirika kwa kuwauzia mafukara baraka. Lakini tuwe waadilifu. Mchungaji wao mara nyingi ni mtoto wa mtaa uleule wa mabanda. Huhubiri Kireno cha mtaani, hukodi chumba kando ya duka, humfuata mlevi kilabuni na mfungwa jela. Aliyeelemewa na maisha usiku wa Jumanne anaujua mlango wa kugonga.

Na sisi je? Uislamu uliwatangulia Walokole katika ardhi ile. Waislamu wa Kiyoruba na Kihausa waliopelekwa utumwani walisoma na kuandika Kiarabu mjini Salvador, na Januari 1835, ndani ya Ramadhani, wakainuka dhidi ya mabwana zao. Wapo waliouawa, waliochapwa mijeledi na waliorudishwa Afrika kwa nguvu. Mwaka 1866 Imamu Abdurrahman al-Baghdadi, aliyefika Rio de Janeiro kwa merikebu ya dola ya Uthmaniya, aliwakuta Waislamu weusi wakificha dini yao, hata saumu wakiifunga Shaabani. Wakamsihi abaki awafundishe. Alibaki miaka kadhaa, kisha akaondoka, na jamii ile ikafifia kwa kukosa walimu.

Waliofuata, wahamiaji wa Lebanon na Syria, walijenga misikiti mizuri. Lakini kwa miaka mingi mingi kati ya hiyo ilikuwa baraza ya Waarabu, na Mbrazili aliyeingia alijiona kama mtu aliyefika arusini bila mwaliko. Na hali Surat Ibrahim (14:4) inatufundisha kwamba Mitume walitumwa kwa lugha za kaumu zao. Brazil hiyohiyo inaongoza duniani kwa kuuza nje kuku wa halali. Kuku amefikiwa na bismillahi, jirani wa machinjio hajafikiwa na shahada!

Wapo walioamka. Huko Embu das Artes, pembezoni mwa São Paulo, Wabrazili waliosilimu wamefungua msikiti katika mtaa wa mafukara. Hao wanahitaji walimu wanaosema Kireno, nasi tunapakana na Msumbiji, nchi yenye mamilioni ya Waislamu na masheikh wanaokisema. Ni taasisi gani yetu iliyokwenda kubisha hodi kwao?